Kintali, Tonelada na Neno Lililokatazwa

Ninyi vijana wa ghala la Kasulu mnasema kintali, mnasema tonelada, na juzi nilipokuja kuchukua shuka na soda ya kuniaga, mmoja wenu alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba hayo ni maneno ya Wakongo wa kambi ya Nyarugusu. Si ya Wakongo. Ni ya Kihispania, na mimi ndiye niliyeyaingiza humo kwa mdomo wangu huu. Liko moja ambalo halisemwi tena. Nataka mjue kwa nini, na nataka mjue majina ya waliolifuta, kwa sababu kwenye ile karatasi iliyobandikwa ofisini hakuna jina la mtu yeyote linalosomeka ila la marehemu.

Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitafute nukta mahali pake. Nina miaka hamsini na mmoja, na nimestaafu kwa sababu nyonga yangu ya kushoto ilistaafu kabla yangu. Habari za vyeo sina, sikuwahi kupata. Nitasema ya kazi.

Nilianza Kibondo, wakati kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena na malori ya chakula yakawa yanafuatana kama siafu. Aliyenipeleka kazini ni mzee Gervasi, baba wa mke wangu Anastazia. Sisi ambao wazazi wetu walitoka Burundi, hata baada ya uraia, baba mkwe tunamwita databukwe, na databukwe hapigiwi kelele. Humwiti kwa jina. Humwamrishi. Akiongea unasubiri amalize, na akikohoa unasubiri kikohozi nacho kiishe. Nyumbani mambo hayo ni mepesi. Ghalani, yeye akiwa juu ya rundo na wewe uko chini na kilo hamsini shingoni, si mepesi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza nilibeba gunia mgongoni kama mtu anayepeleka mgonjwa zahanati. Aliniangalia, kisha akamwambia mtu mwingine aniambie kwamba mgongo ni wa kulalia. Gunia linakaa kwenye bega moja na shingo, ngata ikiwa chini yake, hatua fupi, na pumzi unaitoa unapotua mzigo, si unapoinua. Alinifundisha kupanga. Kwanza chaga za mbao, ili unyevu wa sakafu usipande. Halafu magunia yanalazwa kama fundi anavyolaza tofali, la chini likielekea huku, la juu yake likingame, midomo yote itazame ndani. Rundo la mzee Gervasi ungeweza kulipima kwa kamba ya fundi na usione kosa.

Hayo yote alinifundisha kupitia kwa mtu. Mtu huyo alikuwa Faustini, Mkongo aliyekuja na malori kutoka Nyarugusu kwa kibali, akabaki nasi. Nikitaka databukwe asogee, nilimwambia Faustini, na Faustini alipaza sauti.

"Papa Gervasi, mukwe yako anasema usogee kidogo. Lakini anasema na heshima, iko anapiga magoti."

Sikuwa nimepiga magoti. Watu walicheka, mzee akasogea. Kazi ilikwenda hivyo, kama barua inayopitia posta.

Halafu akaja Anselmo. Alikuwa Mhispania mfupi mwenye goti bovu, ameletwa kusimamia maghala yote ya huku. Kiswahili chake alikiokota Bukavu na hakukifua. Alituambia baba yake alikuwa mbeba ngano kwenye kinu, na bega lake moja lilikuwa chini kuliko jingine mpaka siku ya kuzikwa, fundi seremala akashindwa kujua jeneza alipimie wapi. Sijui kama ni kweli. Lakini alikuwa akitutazama mabega kabla ya kututazama nyuso.

Anselmo akianza kuhesabu aliacha lugha zote akarudi kwao. Tulimsikia akitembea kati ya marundo akitamka peke yake, na sisi kwa utani tukaanza kumwigiza. Alipotusikia hakukasirika. Alikaa kwenye chaga saa ya chai, akachukua chaki, akaanza kutufundisha, kwa sababu alisema amechoka na vipimo vyetu. Kwetu kulikuwa na kisado, debe, gunia, na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba cha kamba na majani mdomoni mpaka linapata kichwa kama mtu. Aliuliza lumbesa ni kilo ngapi. Tukamjibu inategemea dhamira ya muuzaji.

Basi tukajifunza. Kintali ni kilo mia, gunia zetu mbili. Tonelada ni gunia ishirini. Arroba ilikuwa kipimo cha babu yake, kilo kumi na moja na nusu, tukaona ni debe la mtu mchoyo. Bruto ni uzito wa kitu pamoja na gunia lake, neto ni kitu chenyewe kikiwa uchi, na tara ni lile gunia tupu. Faustini akasema amekwisha kuelewa, tara ni suruali. Kuna na montoni, maana yake lundo ambalo hakuna aliyelipima. Anselmo alisema hilo tuwaachie wanasiasa.

Mwishoni akatupa matatu madogo. Mas ni ongeza. Menos ni punguza. Na demasiado ni kupita kiasi. Hilo la tatu alilisema akiwa amesimama. Alipaka mstari mwekundu ukutani, akatuonyesha rundo lisipite hapo, lakini akasema ukuta hauna macho, unaweza kuwa chini ya mstari na bado ukafa. Kwa hiyo lazima chini awepo mtu mmoja asiyebeba, anayetazama tu na kuita. Mwitaji akisema demasiado, aliye juu anashuka. Haulizi, hageuki, anashuka. Akishafika chini ndipo waulizane.

Akanichagua mimi kuwa mwitaji, kwa sauti yangu. Nikakataa. Hakuelewa kwa nini. Nitamwambiaje mtu wa nje kwamba aliye juu kila siku ni databukwe, na mimi siwezi kumwambia shuka kama ninayemwambia mbuzi? Faustini alijaribu kumweleza kwa Kifaransa, wakabishana, chai ikapoa. Aliyemaliza ubishi ni mzee Gervasi mwenyewe. Alikuwa amekaa pembeni anafuma ngata mpya, hakuinua kichwa, akamwambia Faustini:

"Mwambie akubali. Lugha hiyo haina wakwe."

Tangu siku hiyo nilimwamrisha baba mkwe wangu kwa Kihispania, asubuhi mpaka jioni, na hakuna heshima iliyovunjika. Mas, mas, menos, na yeye anafuata. Jioni tukitoka getini nilirudi nyuma yake hatua tatu kama inavyotakiwa. Watu wa Kibondo walituona ni vichaa.

Nawaambia siku moja tu ili mjue lilivyofanya kazi. Ilikuwa masika, sakafu ya upande wa mlango imelowa, chaga moja imeoza chini na hatukuijua. Mzee yuko tabaka la kumi na mbili. Nikaona vumbi la unga linatoka kwenye mshono, jembamba kama moshi wa sigara. Shikeni hilo, rundo linalotaka kuanguka hutoa vumbi kwanza, halafu tumbo, halafu basi. Nikaita demasiado. Sikuwa nimefunga mdomo, mzee ameshateleza upande wa pili, yuko chini. Rundo likakaa kidogo kama linalofikiri, likaanguka lenyewe. Akapangusa unga kwenye nyusi, akamtuma Faustini aniulize kama nimekula mchana. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa asante kubwa.

Anselmo akaondoka mkataba ulipokwisha. Aliacha chaki na kiti chake. Baadaye Mtendeli ikafungwa, watu wakahamishwa wengine wakarudishwa kwao, ghala la Kibondo likabaki na popo, na sisi tukaletwa hapa Kasulu. Faustini hakukaa. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya wanaopelekwa kuishi nchi za mbali, akapanda basi na begi moja na kunitania kwamba sasa nitampigia magoti nani. Nikabaki na databukwe, na maneno yetu matatu katikati.

Sasa majina. La kwanza ni Wilbroad Kagoma, aliyeletwa kuwa mtunza ghala mkuu. Kampuni siitaji, kampuni haikuwepo siku ile, haina nyonga wala shingo. Wilbroad alikuwepo. Alikuja na cheti, na viatu visivyopenda vumbi. Wiki ya kwanza alinisikia naita akasimama na kucheka. Wiki ya pili hakucheka. Alitukusanya akasema hapa wanakuja wakaguzi, wanakuja wageni, hataki lugha za vichochoroni ambazo hata wanaozisema hawazijui. Tutumie Kiswahili, tena chenye staha, hasa kwa wazee. Alinitazama mimi aliposema wazee. Alikuwa amesikia kwamba namfokea baba mkwe wangu, akadhani ananifundisha adabu.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia yale si maneno ya kufoka, ni ya usalama.

"Usalama wa Kihispania?" akaniuliza. "Mvuto wa ardhi umebadilisha lugha?"

Wote mliokuwepo mlicheka. Wengine bado mko humo, na mnajijua. Kintali na tonelada aliziacha zikapona, kwa sababu zilimsaidia yeye kwenye mahesabu ya mzigo. Matatu yale madogo yakafa. Nikawa namwongoza mzee kwa mikono, kama anayeongoza lori kurudi nyuma. Mtu akiwa juu anapanga, macho yako kwenye gunia, hayako kwenye mikono ya mkwe wake.

Jina la pili ni Zebedayo, mfanyabiashara wa maharage wa kutoka Muyama. Yeye analeta lumbesa. Ilikuwa imekatazwa kupokea lumbesa, na kila mtu anajua imekatazwa, hata Zebedayo, ndiyo maana alikuwa anazishona vilemba vifupi ili zionekane nyenyekevu. Siku ile alileta arobaini. Niliweka moja kwenye mzani, na mkono wa mzani ulipanda nikadhani kuna mtu amekanyaga nyuma. Nikaenda kwa Wilbroad.

"Bosi, hizi ni lumbesa. Hii moja ni kilo mia na kumi na nane."

"Hati inasema nini?"

"Inasema gunia arobaini."

"Umeshusha ngapi?"

"Arobaini."

"Basi tatizo lako ni nini, mzee wa Uhispania?"

Zebedayo ameegemea lori anachokoa meno. Akasema huyu ana wivu na maharage yaliyoshiba.

Nilimwambia Wilbroad zifunguliwe zipunguzwe kwanza, au zilazwe sakafuni tabaka tatu tu. Akasema kesho kuna wageni, njia za kati lazima ziwe wazi wapate kupita, lumbesa ziende juu ya rundo la unga mpaka mstari mwekundu. Mstari upo, akasema, si ndio mstari wenu? Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba ule mstari ulipimwa kwa gunia za kilo hamsini zinazolala bapa. Lumbesa ni ya duara. Hailali, inaketi, na inaketi juu ya mwenzake.

Tuliegemeza ubao mrefu, watu wawili wawili wakapandisha. Juu alikuwa mzee Gervasi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kulaza kitu kile. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Mchana ulikuwa wa jua, mlango wazi, hakuna mvua, hakuna sababu ya Mungu. Nasema hivyo kwa sababu naambiwa padri alipozika alisema ni mapenzi ya Mungu, na mimi nilikuwa kitandani sikuweza kumjibu.

Lumbesa ya ishirini na sita, au na saba, nikaona vumbi. Kisha tabaka la tatu kutoka chini likaanza kutoa tumbo. Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, nalijua, lilikuwa limefika kwenye meno. Na Wilbroad alikuwa amesimama hapa, mkono wangu wa kulia, pamoja na wageni wawili waliowahi siku moja kabla, anawaonyesha ghala lake lenye staha.

Nikasema, "Baba, samahani kidogo."

Ndivyo nilivyosema. Maneno matatu ya Kiswahili kizuri.

Mzee Gervasi hakuwahi kusikia mkwe wake akimwita moja kwa moja kwa Kiswahili mbele za watu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu alifanya kile ambacho adabu inataka. Aliacha gunia. Akasimama wima. Akanigeukia uso, akavua ngata kichwani akaishika kwa mikono miwili, akasubiri nimalize.

"Ndiyo, mwanangu," akasema.

Alikuwa bado ananisubiri rundo lilipokwenda. Hakuruka, maana hakuna aliyemwambia aruke. Alishuka na zile lumbesa, na unga ukafunika kila kitu, na moja ya Zebedayo ikanikuta mimi kwenye nyonga ikanibandika kwenye mlango. Nilikuwa nawasikia wenzangu wanachimba kwa mikono. Walimtoa. Alifika hospitali, hakumaliza siku.

Kamati ilikuja baada ya wiki. Watu wawili wenye fulana za kung'aa, wapole sana. Walinikuta wodini, wakanisomea karatasi yao. Iliandikwa kwamba marehemu alisimama isivyofaa juu ya mzigo na kuacha kazi aliyokuwa akiifanya. Ni kweli. Kila neno ni kweli. Waliniuliza kama alisimama, nikasema alisimama. Kama aliacha gunia, nikasema aliacha. Hawakuuliza kwa nini. Lumbesa haikuandikwa, iliandikwa gunia. Wakanipa kalamu, nikaweka sahihi, kwa mkono wangu, bila kushikwa. Hiyo ndiyo karatasi mnayopita mbele yake mkienda kuchukua funguo.

Kwa hiyo jina la tatu ni langu, Yonathani Bukuru, na mliandike pamoja na yale mawili. Wilbroad alihamishwa baada ya miezi, nasikia sasa ana ghala kubwa zaidi. Zebedayo mnamwona kila msimu, na mnashusha lumbesa zake mnamcheka vilemba. Mimi nilirudishwa kwenye kiti cha getini, nikawa nafungua na kufunga mpaka nyonga ilipokataa hata hiyo.

Nilipoacha kazi nilikwenda Muyama kwa mama mkwe. Nilikuwa nimekwenda mara nyingi tangu msiba, nimelima, nimeezeka jiko, lakini sikuwa nimesema. Kila mtu kule alijua kilichoandikwa, kwamba mzee alizubaa. Wajukuu wanakua wakijua babu yao, aliyepanga magunia maisha yake yote, alikufa kwa kuzubaa. Hilo ndilo lililokuwa linanila, kuliko nyonga.

Mama mkwe hatazamwi usoni wala haongeleshwi. Yeye alikaa ndani, mimi kibarazani nimeupa mlango mgongo, na Anastazia akaketi kizingitini katikati yetu kupokea maneno huku na kuyapeleka kule. Nilianza mwanzo. Nilisema habari ya Anselmo, na lugha isiyo na wakwe, na jinsi neno lilivyokuwa linamshusha mzee kabla sijafunga mdomo. Anastazia alikuwa anayapeleka moja moja kwa Kirundi, sauti yake haina kitu. Nikasema ya Wilbroad na wageni. Nikasema mzee hakuzubaa. Alikuwa ananisikiliza mimi. Nilimwita kwa adabu, akasimama kwa adabu, na neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni.

Hapo Anastazia hakulipeleka mara moja. Hata yeye hakuwa anajua. Kisha akalipeleka lote, hakuacha kitu.

Nikasikia ndani maharage yanachambuliwa kwenye ungo, halafu ungo ukawekwa chini. Mama mkwe hakumtafuta binti yake. Alipaza sauti mwenyewe, kwa Kiswahili, ipite kizingiti inifikie.

"Heri ungemtukana. Angenuna mwaka mzima, asingekanyaga kwako, na mimi ningemsikiliza humu ndani akikulalamikia kila siku."

Anastazia akanigeukia, kama ilivyo desturi, anieleze mama amesema nini. Akaniangalia, akaacha. Nilikuwa nimesikia.